Inveta ya Muda

Watu walimwita Injinia kwa sababu yeye mwenyewe aliwaomba. Asubuhi hiyo alikuwa akipita uchochoroni na inveta ndogo begani, mali yake pekee iliyokuwa ikifanya kazi kweli, aliposikia wanawake wawili wakigombana dirishani.

"Sola ibebe friji kwanza!" alifoka mama mkwe.

"Cherehani kwanza, mama! Friji ndiyo inayotulisha?"

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Injinia akabisha hodi.

Ukutani palikuwa na inveta kubwa, ya kumtoa mtu udenda. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, naye hakuangalia zaidi. Kuangalia ni kazi ya mafundi.

"Kwa nini mchague, mama zangu? Nipeni hii kubwa nikaizibue karakana siku mbili tu, itabeba vyote."

"Hata pasi?" mama mkwe alimtumbulia macho.

"Pasi mbili, mama."

"Na sisi tukae gizani?" mkwewe, mshonaji, akauliza.

Injinia akashusha inveta yake ndogo kwa huruma kubwa. "Nawaachia hii, ya muda."

Mshonaji akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: ndogo itachukuliwa siku kubwa itakaporudi ikibeba pasi. Injinia akatia sahihi ndefu kuliko elimu yake.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akaifungua ile kubwa, akanusa. "Imeungua hadi uti wa mgongo. Waliichomekea pasi na birika kwa pamoja, hawa. Nitakupa bei ya chuma."

"Lakini taa ilikuwa inawaka!"

"Hiyo iliwaka kwa umeme wa mtaa, haujakatika leo, Injinia. Hukutazama kioo cha inveta kama kinawaka?"

Akapokea bei ya chuma, roho ikimuuma kwelikweli. Bila ile ndogo hakuwa na chambo, na bila chambo angekula nini? Kesho yake alirudi mbio. Umeme ulikuwa umekatika, mtaa kimya, ila kwa mshonaji cherehani ilikuwa inanguruma.

"Shikamoo, mama. Nimefuata ile ndogo."

"Marahaba, mwanangu." Mama mkwe alikuwa amejinyoosha mbele ya feni. "Yetu inabeba pasi?"

"Iko... karakana bado."

"Basi usijiharakishe. Hii yako friji haiwezi, lakini sisi si walafi: taa, feni, cherehani, yatosha. Siku ukirudi na yetu, gonga kwa nguvu. Cherehani ina kelele, hatutakusikia."