Hotuba ya Mkurugenzi Siku ya Kuzindua Menyu ya Kompyuta ya Masjala

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye amewakilishwa; Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naye amewakilishwa na huyohuyo; waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo na vijitengo; wajumbe wa Kamati Maalumu ya Menyu popote mlipo; ndugu dereva wangu; kinamama na kinababa mliokaa kwenye benchi tangu saa mbili mkisubiri vyeti vya kuzaliwa, ambavyo nimeagiza visitolewe mpaka nimalize; na wewe kompyuta, uliyefunikwa hapa mbele yangu kwa kitambaa chekundu: itifaki imezingatiwa. Hapa nitue, nitabasamu. (Anatua. Anatabasamu. Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu zangu, miezi saba iliyopita kompyuta yetu ya masjala, iliyobeba daftari zima la vizazi, iliwekewa mfumo mpya, na mfumo wa zamani ukaachwa humohumo ndani, kama wake wenza chini ya paa moja. (Kicheko. Mzee mmoja hacheki.) Tangu hapo, ukiiwasha, kabla haijafanya lolote, inakuletea menyu ya mistari miwili: wa juu ni mfumo wa zamani, ambamo daftari halifunguki, na wa chini ni mfumo mpya, ambamo linafunguka. Kinachoileta menyu hiyo wataalamu wanakiita butiloda, nami nalitamka neno hili kwa kujiamini kwa sababu nimelifanyia mazoezi garini. Sasa butiloda hiyo, bila kujali cheo cha mtu, inakupa sekunde tano, na usipobonyeza kitu inajichagulia mstari wa juu na kwenda zake.

Nilipoarifiwa nilisikitika sana. Mimi faili likinifikia mezani hukaa wiki tatu tukizoeana kwanza, halafu mashine iliyonunuliwa juzi inanipa mimi sekunde tano. Katika ofisi hii hakuna kinachochaguliwa bila sahihi yangu, hata sabuni ya chooni, na ndiyo maana binti yetu karani wa masjala alipotaka kubonyeza mshale wa chini, nilimwelekeza aandike kwanza dokezo la kuomba kibali. Basi kila siku anaiwasha saa mbili, anaandika dokezo, mimi nafika saa nne, nakuta mashine imeshajichagulia kitambo. Huo ni utovu wa nidhamu. (Karani, amesimama mlangoni, anaangalia viatu vyake.) Kwa hiyo ni kweli, kwa miezi saba daftari halikufunguliwa, lakini taratibu zilifuatwa kwa asilimia mia moja na nne.

Ndipo nikabuni, kwa ubunifu wangu binafsi, Mradi Shirikishi wa Kuboresha Menyu. Tumefanya upembuzi yakinifu, tumefanya warsha ya kujengeana uwezo wa kubonyeza, na Kamati imeleta taarifa tatu nene, zilizoandikwa vizuri mno, zikipendekeza kwamba sekunde tano ziongezwe ziwe siku tisini za kazi, ili wadau wote watoe maoni kabla kompyuta haijawaka. (Meza kuu: makofi. Benchi: minong'ono.) Utafiti unaonyesha kwamba uelewa wa wananchi kuhusu mshale wa chini umepanda kutoka sifuri hadi zaidi ya hapo.

(Mama mshonaji nguo, mwenye futi ya kupimia shingoni, anasimama. Anasema ameshakuja mara kumi na moja.) "Mheshimiwa, usajili wa mtihani wa mwanangu unafungwa leo saa sita. Bila cheti ni mwaka mzima amekaa nyumbani."

Mama yangu, nakusikia, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini mstahimilivu hula mbivu, na mimi nimebakiza kurasa nne tu. Keti. (Hakai. Karani anamshika mkono, wanatoka pamoja.) Mnaona, amezidiwa na hisia. Miradi mikubwa huwaliza watu. Hapa ninywe maji. (Anakunywa maji.)

Dira yetu, ndugu zangu, ni menyu ndefu zaidi. Kwa nini mistari miwili, wakati wenzetu walioendelea huenda wana arobaini? Awamu ya pili nitaongeza mstari wa salamu zangu, awamu ya tatu picha yangu, na awamu ya nne... (Karani anarudi mlangoni, anamwita mzee asiyecheka. Kisha anawaita wawili wengine. Benchi linapungua.) Naona wengi mnatoka kwenda kutafakari, nami nawapongeza. (Dirishani anapita mama mshonaji na karatasi mkononi, anakwenda mbio, futi inapepea. Saa ya ukutani inaonyesha saa tano na dakika kumi.)

Nikihitimisha, semeni pamoja nami: menyu kwanza! (Meza kuu: kwanza.) Butiloda ni yetu! (Dereva peke yake: ni yetu.)

Sasa shukrani, nazisoma kama alivyozichapa karani, maana sikupata nafasi ya kuzipitia. Namshukuru kwa dhati karani wa masjala, aliyechoka kuwatazama watu wale wale kwenye benchi lile lile, akaingia asubuhi hii kwenye mipangilio ya butiloda, akaandika kwamba mstari wa chini ndio uchaguliwe wenyewe, akahifadhi. Ilimchukua dakika nne, na mojawapo alikuwa anatafuta miwani. Namshukuru pia kwa zile taarifa tatu za Kamati, maana aliziandika yeye kwa amri yangu. Kamati haijawahi kukaa, warsha haikuwapo, na Mradi tuliokuja kuuzindua haupo na haukuwahi kuwapo. Muda huu ninaposoma, daftari liko wazi na vyeti vinatoka. (Mlangoni, mtu anakohoa kuficha kicheko.)

Hapa nifunue kitambaa. (Anafunua. Ni boksi tupu la karatasi za kuchapia.) Kompyuta haikuweza kuhudhuria, iko kazini. Asanteni kwa kunisikiliza. Hapa nikae chini. (Anakaa chini.)