Mgonjwa Hewa Namba Kumi na Saba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nina miaka sabini na nane. Nimeishi kuliko wake wawili, mdogo wangu, redio nne na wakuu watano wa zahanati yetu. Madaktari wawili walioniambia nipunguze chumvi wametangulia wote. Chumvi bado naila. Shule niliishia la tatu, lakini hilo la tatu nililisoma mara mbili, kwa hiyo naliita la nne.

Leo asubuhi kaja binti mmoja na kishikwambi, ile kompyuta ya kubeba mkononi. Katumwa na wafadhili wa ng'ambo wanaoisaidia zahanati. Zamani wafadhili walileta maboksi, wakapiga picha, wakaondoka. Sasa kuna mageuzi. Zahanati inapewa msaada kwa kadiri ya wagonjwa iliowatibu, na huyu Mhakiki anapita nyumba kwa nyumba na majina ishirini ya kwenye rejesta, kuona kama hao watu wapo kweli na walitibiwa kweli. Mimi ni namba kumi na saba.

Kaniuliza kama tarehe kumi na tatu Februari nilikwenda kutibiwa presha. Swali dogo. Jibu lake ni ndiyo. Naenda kila mwezi, kwa mlango wa nyuma, kofia imeshuka hadi puani.

Tatizo ni Mjane, jirani yangu. Alikuwa amekaa pale pale barazani, kaja kurudisha jembe. Na Mjane keshatangaza mbele za watu kwamba alimuuguza marehemu miaka sita, hataki tena mume wa kuhesabiwa vidonge. Mimi nina mipango na Mjane. Miezi minane sasa. Fundi Cherehani naye ana mipango, ila yeye ana kikohozi.

Basi nikasema sijawahi! Zahanati naijua paa tu. Kidonge sijui kama ni cha duara au cha pembe. Mhakiki akarudia swali mara tatu, taratibu, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Mara tatu nikakataa. Nikatia saini, ndefu, yenye mkia.

Mjane akasema mzee huyu ni chuma.

Chuma!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Sista kaja kabla sijanawa uso. Sista ndiye mkuu wa zahanati sasa, na ni binti wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo mimi ni Baba Mkubwa wake. Leo hakunipa hata shikamoo, na hilo "Baba Mkubwa" lilitoka kama tusi.

Kasema watu kumi na tisa wamepatikana. Mmoja kasema hajawahi kufika. Kwa wafadhili huyo ni mgonjwa hewa, na anayeandika wagonjwa hewa anahesabiwa mwizi. Ijumaa kuna kikao. Asipomleta namba kumi na saba akiri kwa kinywa chake, anasimamishwa kazi. Na lile tangi la maji tuliloahidiwa zahanati ikipata alama zote linapelekwa kwingine. Kina mama wataendelea kuja kujifungua na ndoo ya maji kichwani.

Nikamshauri afute jina langu. Akasema kufuta rejesta ndiyo jela yenyewe. Akanishika mkono. Niende tu kwa yule dada, niseme nilikosea, dakika moja imekwisha. Nikamwambia nitalimaliza kiutu uzima. Akauliza kiutu uzima ndiyo vipi. Watoto wa siku hizi wanataka kujua kila kitu.

Kidonge cha leo sikumeza, wala cha jana. Mtu asiyeumwa hamezi vidonge. Lazima kuwa na msimamo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemfuata Mhakiki nyumba ya wageni. Nilikwenda na nia ya kusema kweli, na nia hiyo nilikuwa nayo mpaka mlangoni. Mlangoni nikamkuta Fundi Cherehani anapima madirisha ya kushonea mapazia, futi mkononi, masikio yote kwangu.

Nikamwambia Mhakiki kwamba aliyetibiwa ni pacha wangu.

Kainua macho. Kauliza mbona jina ni moja. Nikasema baba yetu siku ile alikuwa na jina moja tu kichwani, akatugawia. Fundi, ambaye ananijua tangu tunachunga mbuzi, akakohoa. Safari hii hakikuwa kikohozi. Mhakiki akaandika, akaandika, kisha akasema vizuri sana, pacha aje kikaoni Ijumaa.

Nimetoka pale nina ndugu. Njia nzima nimemfikiria. Dhaifu. Mpole. Anaishi ng'ambo ya mto. Si mtu wa kujisifu. Tofauti kabisa na mimi, ingawa mimi pia sijisifu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimenyoa masharubu. Miaka arobaini! Kinyozi alisita na wembe hewani, akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia afanye kazi yake. Mdomo wa juu umepauka kama mguu uliotoka kwenye bandeji.

Kisha kwa Fundi kuazima koti, maana makoti yangu yanajulikana. Alicheka mpaka akawa anakanyaga cherehani bila kitambaa. Kasema anamkumbuka sana pacha wangu, ndiye aliyekuwa na akili kati yetu. Kanipa koti jeusi la mteja asiyerudi, kwa sharti moja: nisipite mbele ya nyumba ya Mjane kwa wiki mbili. Nimekubali. Sikusema wiki zipi.

Kichwa kinagonga. Itakuwa ni njaa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kikao kilikuwa chumba cha chanjo. Mhakiki, Sista na bwana mmoja wa ofisi ya afya. Nikaingia na koti jeusi, naburuta mguu. Sista aliponiona akafumba macho. Akayafumbua. Akayafumba tena.

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba mimi ndiye namba kumi na saba, presha ni yangu, na kaka yangu asilaumiwe kwa kuwa yeye ni mzima mno, magonjwa hayajui. Nikamsifu kaka kidogo. Kama robo saa hivi. Bwana wa ofisi ya afya akatazama saa.

Mhakiki akasema basi presha ipimwe, ilinganishwe na kadi. Kitambaa kikanibana mkono. Kimashine kikalia, kikarudia kulia. Sista akaniuliza mara ya mwisho nimemeza dawa lini, na sauti haikuwa tena ya binti, ilikuwa ya muuguzi. Nilitaka kuuliza kama anamaanisha mimi au kaka. Hapo sakafu ikanijia.

Nimezinduka kitandani, sindano mkononi. Sista kaniambia nimelala saa tatu nzima. Mhakiki mwenyewe alinishika miguu wakati wa kunibeba, na kwenye kishikwambi chake kaandika: mgonjwa yupo, nimemwona, anatibiwa. Nikauliza kaandika ni pacha yupi. Sista akasema yule dada si mjinga, kaandika mgonjwa yupo, hakuandika ni yupi. Alama zote! Tangi linakuja Jumatatu.

Kisha Sista akalia. Kidogo tu, akijifuta kwa mkono wa gauni. Kasema pale sakafuni alidhani ananizika, kama alivyomzika baba yake. Kaniomba mambo mawili. Nimeze vidonge, nifunge mdomo.

Nimeahidi yote mawili.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Niko nyumbani. Vidonge nimemeza.

Mchana Mjane kaja na bakuli la supu. Nikajiziba mdomo kwa leso, masharubu bado. Nikasema ni mafua ya vumbi. Kumbe supu si yangu. Kasikia pacha wangu alianguka zahanati, akaenda, akamchungulia dirishani akiwa amelala. Kasema hajaona mzee aliyetulia namna ile. Uso mpole, hana makuu. Akanituma nimpelekee supu ingali moto.

Kisha akauliza kama ana mke.

Eti ana mke! Miezi minane namchanjia kuni, anakuja mtu wa siku nne kutoka ng'ambo ya mto! Nikamkumbusha kwamba pacha ni mgonjwa, na yeye alisema hataki wagonjwa. Akasema sikumwelewa siku ile. Mgonjwa anayejua anaumwa si mzigo. Mzigo alikuwa marehemu, aliyeficha vidonge chini ya godoro na kuapa kwamba ni mzima, mpaka siku ya mwisho.

Akanitazama. Akangoja. Palikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema jambo.

Nikasema pacha amefariki. Alfajiri ya leo. Kwa utulivu, kama kawaida yake.

Mjane akaondoka analia. Supu nimeinywa mimi. Haina chumvi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kabla ya saa mbili asubuhi habari zilikuwa zimefika kila nyumba. Uani kwangu pamejaa watu, wananipa pole. Wanasema nimejikaza. Kinyozi anaeleza kila anayeingia kwamba yeye alijua tangu Alhamisi. Fundi kakaa mstari wa mbele, akasimama akatoa hotuba: jinsi alivyochunga mbuzi na sisi mapacha, jinsi marehemu alivyomwokoa asizame mtoni. Mwongo huyu! Watu wamelia. Mjane kamshika bega.

Sista kaja na sare ya kazi, akaniingiza chumbani. Kumbe mgonjwa akifa ndani ya siku saba baada ya kutibiwa, zahanati inachunguzwa. Simu imepigwa hadi kwa wafadhili. Alama zimezuiwa. Lori la tangi limefika na limeambiwa lisishushe, liko langoni, injini inanguruma, kina mama wamesimama na ndoo zao wanalitazama. Dereva kasema anangoja hadi saa sita, baada ya hapo anageuza.

Kasema wanataka kuonyeshwa kaburi. Nikamuuliza wanataka la ukubwa gani. Hakucheka.

Kasema njia imebaki moja. Nitoke mbele ya watu hawa wote, Mjane akiwemo, niseme maneno manne. Akayahesabu kwa vidole: Sina pacha. Mimi naumwa. Akasema Baba Mkubwa, manne tu, sijawahi kukuomba kitu kingine. Nikamwambia anipe dakika tano nijiandae. Katoka, kasimama mlangoni. Nasikia viatu vyake.

Naandika haya nikiwa nimekaa kitandani. Nimefikiri, nimefikiri, na jibu nimelipata. Jepesi! Sijui kwa nini sikuliona tangu Jumatano.

Tulikuwa watatu.

Aliyekufa ni wa kati, ambaye zahanati hii hajawahi hata kuikanyaga. Aliyelazwa Ijumaa ni yule wa mwisho, na yu hai, na anaingia sasa hivi kwa mlango wa nyuma. Koti jeusi bado ninalo. Masharubu hayajaota. Mungu hamtupi mja wake.

Atakayeyatilia shaka haya amuulize Fundi Cherehani, anayewakumbuka ndugu zangu kuliko mimi mwenyewe. Au amuulize huyo mdogo wetu wa mwisho. Ila asubiri kidogo, bado anafunga vifungo.