Ubongo wa Kompyuta ya Mama Picha

Lainisha alikuwa anapita zake, mkoba begani, mikono mfukoni, njaa ikimsindikiza, aliposikia mwanamke akifoka ndani ya duka la kuchapa barua na kupiga picha za vitambulisho.

"Wewe kompyuta, leo utanitoa roho! Tangu asubuhi nakubonyeza, bado unafikiria tu?"

Lainisha akasimama palepale. Wapo watu wakisikia kilio hushikwa na huruma. Yeye alisikia harufu ya chakula. Akanyoosha kola, akavaa uso wa msomi, akaingia.

"Hodi, mama. Samahani, nimesikia mgonjwa anakoroma humu."

Mwenye duka, mwanamke mnene wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Picha, alimtazama juu ya miwani. Kwenye benchi, kando ya printa kubwa inayong'aa, wateja walikuwa wamenuna, wakisubiri picha zao.

"Na wewe ni nani?"

"Fundi, mama. Zima hiyo mashine, usiitese. Ugonjwa wake ni prosesa. Ndiyo ubongo wake, na ubongo umezeeka. Ya nini kununua kompyuta mpya? Tunambadilishia ubongo tu, anaanza kukimbia."

Sasa tuelezane vizuri kazi ya Lainisha. Mkobani mwake mlikuwa na kikasha cha mahameli, na ndani yake prosesa ya kweli, yenye kasi, inayoingia vizuri katika mashine kuukuu kama ile. Huo ndio uliokuwa mtaji wake mkubwa duniani. Aliionyesha kwa kila mteja na hakumwachia hata mmoja. Mteja akigeuka, yeye hupuliza vumbi, huisugua prosesa ileile ya zamani mpaka ing'ae, huipaka grisi mpya ya kupoza, kisha huirudisha mahali pake. Na kwa kuwa feni sasa inapumua, mashine kweli huchangamka kidogo. Mteja amelipia ubongo, amepata kuogeshwa.

Akafungua kasha la kompyuta. Akatoa feni, akafuta grisi iliyokauka, akasoma herufi zilizochorwa juu ya prosesa ya Mama Picha. Akazisoma tena. Mate yakamjaa mdomoni. Ilikuwa kali kuliko zote za kizazi kile, ile ambayo wauza vipuri huitafuta kwa tochi. Yake ya mahameli, mbele ya hii, ilikuwa kichekesho.

"Mama," akasema, "hii mashine uliipata wapi?"

"Ya marehemu mume wangu. Aliipenda kuliko alivyonipenda mimi. Kwani vipi, mwanangu? Hicho kidude kina thamani?"

"Thamani? Hiki? Hata kuku hakidonoi!"

"Basi nipe nikiweke kabatini, kiwe kumbukumbu."

"Usikiguse!" Lainisha akaruka. "Vikizeeka hivi vina sumu. Mimi nakuwekea hii yangu mpya, hiyo mbovu nakwenda kuitupa kitaalamu. Tumemalizana."

"Na malipo?"

"Mama yangu, nani kataja malipo?"

Mama Picha akashika kifua. "Jamani, bado kuna watu wema! Nasikia pia kuna kadi za memori, zinaongeza kasi..."

Lainisha akatoa kadi yake ya akiba, akaichomeka.

"Na hiyo feni inavyopiga kelele, mwanangu, wateja wanaumwa vichwa."

Akatoa na feni yake mkobani, akaifunga. Angeombwa viatu, angevua. Kuwasha mashine kwanza, asome kwenye skrini ni prosesa gani hasa iliyokuwamo, wazo hilo halikumjia kabisa. Tamaa haina subira ya kungoja kompyuta iamke. Alipomaliza aliaga huku ameshatoka.

Alikimbia mpaka kwa muuza vipuri, mzee mmoja mkavu asiyeshtushwa na kitu. Mzee akaipachika prosesa kwenye mashine yake ya majaribio. Skrini ikawaka, ikataja jina la prosesa dhaifu kuliko zote za ukoo ule.

"Skrini yako inaongopa," Lainisha akasema. "Soma juu yake!"

Mzee akazikwaruza zile herufi kwa ukucha. Zikabanduka.

"Imesuguliwa, ikachorwa upya. Umetoka kwa Mama Picha?"

"Umejuaje?"

"Mumewe ndiye anayechora. Kazi yake ni kuchonga mihuri, ana mkono mzuri sana."

"Mumewe si marehemu?"

"Labda amefariki mchana huu. Asubuhi alikuwa hapa, tumekunywa chai. Ile printa yao kubwa unadhani waliipataje? Mafundi wa aina yako, mdogo wangu, mmewasaidia sana wale watu."

Lainisha alirudi akifuka moshi. Dukani picha zilikuwa zinatoka mfululizo, wateja wanacheka.

"Mama, umeniibia!"

"Nimekuibia nini, mwanangu? Sema kwa sauti, na wenzetu wasikie."

Lainisha akafungua mdomo. Aseme nini? Kwamba alitaka kumwibia mjane, na mjane mwenyewe si mjane? Akaufunga.

"Ndiye huyu!" Mama Picha akawageukia wateja, anang'aa. "Fundi niliyewaambia. Prosesa, memori, mpaka feni, na senti yangu hakugusa!"

Kutoka kwenye benchi akainuka askari jela mstaafu aliyekaa na binti yake, mikono yake kama makoleo.

"Kijana, Mungu kakuleta. Ninayo kompyuta nyumbani, kuukuu kuliko hii. Nitakaa karibu nikutazame unavyofanya, nami nijifunze. Ni bure kama kwa mama, siyo?"

"Mzee, mimi leo nina..."

"Siyo?"

"Ndiyo, mzee."

Basi wakatoka: mzee mbele, Lainisha katikati, na nyuma binti wa mzee akimbebea fundi mkoba wake, na mkono mwingine kamshika kiwiko kwa adabu, asije akapotea njia.