Mlinzi wa Mama Brigitha

Fulgensi wa Ifakara alilitunza jasho lake kama mali ya urithi, halikudondoka ovyo. Mwaka 1996 alimwona kibarua mmoja wa kiwanda cha mbao akipita na baiskeli mpya, fidia ya kidole kilicholiwa na msumeno. Fulgensi akawaza: ikiwa kidole kimezaa baiskeli, mguu mzima utazaa nini?

Kesho yake akaomba kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Brigitha, mjane mpole asiyekosa misa. Kabla ya saa sita akateleza kwenye pumba, akaanguka, akakumbatia goti na kulia kilio ambacho hata marehemu baba yake hakukipata.

"Pole, mwanangu," alisema Brigitha, akamletea uji.

Lakini wajuzi wa kijiweni walimwambia kwamba kibarua wa asubuhi moja hupewa pole na nauli; fidia nono ni ya mwajiriwa hasa. Basi Bibi Digna, afisa wa kazi, alipowaita wote wawili kusikiliza madai yake ya fidia, Fulgensi aliingia ofisini na magongo mawili na historia mpya.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mlinzi wa ghala pale tangu Januari, usiku na mchana."

Digna akamgeukia Brigitha. "Ni kweli?"

Fulgensi alikuwa tayari kuapa kwa makaburi yote ya Mahenge. Haikuhitajika. Brigitha alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ni kweli, afisa. Huyu ndiye mlinzi wangu."

Ushindi ule ulidumu hadi mlangoni. Nje walisimama wakulima wa Mofu, ambao mpunga wao ulipotea ghalani wakati wa Pasaka, na tangu hapo walimwandama Brigitha kila aendako.

"Jamani, mlikuwa mnamuulizia mlinzi," Brigitha akawaambia. "Ndiye huyu. Amekiri mbele ya serikali."

Fulgensi alijitetea kwamba alifanya kazi asubuhi moja tu, lakini nani angemsadiki? Ili asipelekwe polisi, akakubali kulinda ghala bila mshahara hadi mavuno, malipo yake yakiwaendea wale wakulima.

Jioni ile, akiwa ameketi mlangoni pa ghala, alimuuliza tajiri wake kwa unyonge, "Mama, mpunga ule aliuiba nani?"

"Nani kakwambia uliibwa?" Brigitha akajibu, akifunga kufuli. "Niliuuza Mang'ula, kwa bei nzuri tu. Kilichonipungukia ni mlinzi."