Nilivyokula Harusini Kabla ya Sala

Leo uso wangu nimeuacha ziwani, wenzangu. Nawaandikia nikiwa bado na soksi mbili mbili.

Mjukuu wangu Neema ameolewa huku Durban. Mnajua mimi ndiye niliyemlea, mama yake alipofariki. Sasa harusi yenyewe! Kando ya ziwa, huko juu nje ya mji, baridi ya Julai, watu hawajai hata sebule yangu ya Muheza. Hakuna tarumbeta. Hakuna majirani wa kumenya vitunguu. Upande wetu wote ni mimi. (Na koti la kuazima.) Nilitamani nyumbani.

Nikaapa: wakinipa nafasi ya kusema kwa niaba ya watu wetu, nitasema maneno wasiyoyasahau. Niliyapanga njia nzima.

Tukafika. Akina mama wa upande wa bwana harusi, Wazulu, wanaimba na kucheza. Mchungaji akasimama. Shangazi wa bwana harusi akainua mkono: "Thulani!"

Mimi nikasikia "Tuleni!"

Hatimaye! (Tangu alfajiri tumbo halina kitu.) Nikaenda mezani moja kwa moja, nikafunua sufuria, nikashika paja la kuku. Watu kimya. Nikajua wanamngoja mkubwa aanze. Adabu iliyoje!

Shangazi akaja mbio. "Gogo, thula!" Gogo ndiyo bibi kwao. (Mimi nasikia: bibi, kula!)

"Nakula, mama, nakula!"

"Gogo! Thula!"

Nikauma pande kubwa zaidi, asije akaona nadharau chakula chao.

Ni Neema aliyepaza sauti, shela linamtetemeka kwa kicheko: "Bibi! Anakwambia unyamaze! Sala inaanza!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Na hapo hapo, kabla ya sala, mchungaji anauliza (Neema ananitafsiria) nani atasema kwa upande wa bibi harusi. Mimi, mashavu yamejaa kuku! Maneno yote niliyoyapanga, hayapo.

"Meza kwanza, Bibi," Neema akasema. "Tunakungoja."

Wakaningoja. Harusi nzima. Nikameza.

"Huyu amelala mgongoni kwangu," nikasema, Neema mwenyewe akitafsiri. "Siku mkimchoka, msimgombeze. Nirudishieni."

Bwana harusi akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokota: "Sirudishi, Bibi."

Watu makofi. Mimi machozi. Na yeyote atakayeniuliza, ni pilipili ya yule kuku.