Siku Niliyochafua Hewa Ukweni

Leo nimeadhirika. Tena nimeadhirika ukweni, mahali ambapo hata kupiga chafya unaomba ruhusa.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani kwangu hapa Bariadi mjini, simu nimeizima sauti. Mnajua mimi ni fundi wa gesi, na mnajua ninavyompenda Kabula. Juzi baba yake kanitumia ujumbe: "Kabla hujaleta washenga, njoo unifungie hita ya vifaranga. Nione mikono yako." Huo ni usaili, jamani! Nikiharibu hita, nimemkosa Kabula.

Nikafika asubuhi na mapema, ovaroli imepigwa pasi. (Fundi gani anapiga pasi ovaroli? Mimi.)

"Mwangaluka, baba!" nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka gete. Banda lile pale."

Banda la vifaranga limeegemea ukuta wa sebule. Nikaanza kazi. Mzee akasimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani.

"Hilo bomba la nini?"

"La kutolea moshi nje, baba."

"Huo moshi una joto?"

"Unalo."

"Sasa joto nimelinunua mwenyewe, kwa nini nilitupe nje?"

Nikamweleza taratibu kwamba gesi ikiungua inaweza kutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga pamoja na mwenye vifaranga. Akarudi nyuma hatua mbili. Nikatoboa ukuta wa nje wa banda, nikapandisha bomba mpaka juu ya bati, nikalivisha kofia mvua isiingie. Chini nikaacha matundu ya kuingiza hewa safi. Kila kiungo cha mpira wa gesi nikakipaka maji ya sabuni kuona kama povu litachemka. Halikuchemka. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapanda pikipiki kwenda stendi kupokea vifaranga wake mia tatu.

Nikaiwasha hita ipashe banda. (Hapo ndipo ningeaga nikaenda zangu. Lakini kulikuwa na kuku wa kienyeji jikoni, na mimi ni binadamu.)

Kabula akanikaribisha sebuleni. Mkoba wangu wa spana nikautua nyuma ya mlango, juu ya gunia lililofunika kitu fulani. Kitu gani, sikuangalia. Tukakaa kula watatu: mimi, shangazi yake Kabula, na mjomba wake aliyetoka Mwamapalala makusudi kuja kunikagua. Mama yake alikuwa jikoni. Mila zetu mnazijua, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali, na jikoni kwake huingii.

Tonge la tatu, harufu ikaja.

Harufu ya yai bovu! Na gesi ya mtungi hutiwa harufu ya namna hiyohiyo makusudi, ili ikivuja watu wajue. Mjomba akaacha kutafuna. Shangazi akamtazama mjomba, mjomba akanitazama mimi. Nikaona nina mawili: ninyamaze nilinde jina langu la ufundi, au niseme watu wapone. Nikasimama kishujaa.

"Wazee wangu, naomba radhi. Hewa imechafuka, na aliyeichafua ni mimi."

(Someni tena hiyo sentensi. Mimi sikuwa na muda wa kuisikiliza.)

Mjomba akasema kwa upole, "Kaa, mwanangu. Tumbo halina adabu. Ni mambo ya kawaida."

"Hapana, mjomba! Tutoke nje wote!"

"Wote? Kwani umeachia nyingi kiasi hicho?"

"Inaweza kuua! Mtu asiwashe hata kiberiti!"

Shangazi akashika kifua. "Mayu wane! Huyu mtoto amekula nini?"

"Na si hii tu, shangazi! Ile mbaya zaidi inakuja bila harufu!"

"Basi hii siyo hiyo, baba. Hii harufu inayo."

Wakatoka, kila mtu na sahani yake. Ndipo nikakumbuka mkaa unaowaka jikoni. Mila nikaitupa kule. Nikavamia jikoni kwa mama mkwe, nikabeba ndoo ya maji, nikaimwaga yote juu ya mkaa. Pshhh! Majivu yakaruka mpaka kwenye sufuria ya kuku.

"Mama, kimbia! Nimechafua hewa!"

Mama wa watu akatoka mbio na mwiko wake, kanga amejifunika uso. Kabula alikuwa ameshika nguzo ya mlango, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

Nikafunga koki, nikaizima hita ikapoa. Nikaifungua tena koki, nikapaka sabuni. Hakuna povu. Nikapaka tena. Hakuna. Bomba la moshi safi kabisa. Kazi haikuwa na kasoro hata moja, na majirani walikuwa wameshaanza kujaa uani.

Mzee akarudi na maboksi ya vifaranga. "Mbona mnakulia juani?"

"Mkwe wako kachafua hewa," shangazi akajibu.

"Mpaka mtoke na sahani?"

"Mwenyewe kasema inaua."

Mzee akanusa, akaingia sebuleni. Akatoka amenyoosha mkono mbali na mwili wake, ameshika mkoba wangu, unachuruzika. Chini ya lile gunia kulikuwa na kikapu cha mayai viza ambayo mama alikuwa ameyaweka akayatupe. Nilikuwa nimeyaponda kwa mzigo wa spana. Kumbe aliyechafua hewa ni mimi kweli.

Uani pakalipuka kicheko. Mjomba alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. Mimi nikaiwasha hita tena, nikamsaidia mzee kupanga vifaranga, nikapita njia ya nyuma bila kuaga.

Sasa hivi Kabula ameniandikia: "Baba anasema hajaona hita iliyofungwa vizuri kama ile. Leta washenga. Ila kikao kitakuwa uani, penye upepo."

Nimekubaliwa, jamani! Nimeruka mpaka kitanda kimelia. Lakini wawili kati yenu mnaosoma hapa ndio washenga wangu, kwa hiyo nawaomba mcheke yote leo yaishe. Siku hiyo mjomba akisema, "Karibuni, tupunge hewa," nataka kuona nyuso kavu.