Mayige: Matokeo Sifuri

Jumatatu, 3 Machi 2014

Nimekwenda maktaba kuchaji simu. Bure! Tangu soko huria litufikie hapa Bariadi, hata umeme wa simu unauzwa kibandani. Maktaba peke yake ndiyo haijapata habari.

Specioza, mama anayeitunza maktaba, akaniambia Guku, yaani babu, hiyo soketi ni ya wasomaji. Nikasema na mimi ni msomaji. Akauliza nasoma nini. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikanyooshea kidole kioo cha kompyuta. Nasoma hicho.

Basi akanikalisha mbele yake. Sina raha tangu saa hiyo.

Kumbe ile ni katalogi ya mtandaoni. Vitabu vya hapa vimo. Vya Mwanza vimo. Vya Dar es Salaam vimo. Kila kimoja kinajulikana kiko rafu gani, kina kurasa ngapi, na kama kimeazimwa kitarudi lini. Mimi nina ng'ombe sita, na kuna jioni sijui wa sita yuko wapi!

Specioza akasema andika unachotaka. Nikaandika kwa kidole kimoja, dakika kumi nzima: Mwangaluka, mimi ni Salu mwana wa Mayige wa Dutwa, nyumbani hatujambo, mvua mwaka huu si haba, naomba kitabu.

Matokeo: sifuri.

Specioza alicheka mpaka akashika meza. Akasema haitaki salamu, Guku, iandikie shida yako tu. Kuomba kitu bila kusalimia! Mama yangu angenichapa mwiko.

Nikaandika neno moja. Mayige. Jina la baba yangu.

Matokeo: sifuri.

Hapo sikucheka. Nikamwambia Specioza macho yananiwasha, nikachomoa simu, nikaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa kikundi chetu cha ngoma ya nyoka, Dutwa. Ngoma mpya inafika Jumamosi, kubwa kama pipa, na itapakwa rangi jina la mwanzilishi. Mwanzilishi ni baba yangu. Kila mwenye akili timamu analijua hilo. Bahati mbaya wote wamekufa.

Luhaga akasimama. Luhaga ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu Generoza. Akasema mwanzilishi ni baba yao. (Kwetu jina la mkwe halitamkwi, na mimi hata kuliandika siwezi. Humu ataitwa Mkwe.) Kisha akaongeza, mbele ya watu, eti baba yangu alikuwa mbeba kikapu cha chatu. Mbeba kikapu! Watu wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akakohoa. Nimemweka moyoni.

Januarius, mwenyekiti wetu, akasema maneno ya wazee yamechoka. Mwenye maandishi ayalete kabla ya Jumamosi.

Baba alikufa nikiwa na miaka sita. Picha yake hatuna. Namkumbuka mgongo tu, kwa sababu nilikuwa nikimfuata nyuma tukienda kunywesha ng'ombe. Mtu amebaki mgongo, halafu shemeji anautwika kikapu!

Jioni nimepita tena maktaba. Nikamwambia Specioza ukoo wetu una kiu ya elimu. Akafurahi, akatuandikisha wote: mimi, Generoza, mwanangu Constantine, mkewe Felisita na mjukuu wangu Goodness. Kadi tano. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu soketi.

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa.

Nilianza kwa kuandika: ngoma za nyoka za zamani za Wasukuma wa Dutwa zilizoanzishwa na baba yangu. Sifuri. Nikaandika: ngoma. Mia nne na kumi na mbili! Kwa hiyo ile mashine, ukiieleza sana inakunyima, ukisema kidogo inakufurikisha. Ina tabia za watu wa ofisini, ila yenyewe haiendi chai.

Specioza akanionyesha pembeni kuna mahali pa kuchuja. Chagua mwaka. Chagua lugha. Chagua mada. Ni kama kupitisha ng'ombe kwenye josho: wanaingia kundi, wanatoka mmoja mmoja. Mia nne zikawa tisini. Tisini zikawa tisa. Nikachagua miaka ya hamsini, na akabaki mmoja tu kwenye josho.

Kitabu cha picha. Cha padri mmoja aliyezunguka Usukuma mwaka 1953. Picha sitini na nne. Na chini yake, kwa herufi ndogo: ngoma, nyoka, Dutwa.

Dutwa! Yetu! Nikasimama, nikavua kofia. Mtu wa nyuma yangu akauliza kama kuna msiba.

Kipo tawi la Mwanza, nakala moja. Specioza akasema ukibonyeza hapa unakiwekea nafasi, kinakuja na basi la Ijumaa. Waombaji wakiwa wengi inapanga foleni, kama madumu bombani. Dumu la kwanza ndilo linalojazwa kwanza, hata mwenyewe awe amelala nyumbani.

Akaenda kuhudumia watu wengine. Nikabaki mimi na kadi tano.

Lakini kitu kigeni hukivamii tu. Kwetu mto ukijaa, anatangulizwa ng'ombe mzee. Akivuka salama, wengine wanafuata. Nikatanguliza kadi ya Generoza. Haikulia, haikutoa moshi. Nikafuata mimi. Kisha Constantine, Felisita, Goodness. Luhaga akija atakuwa dumu la sita!

Nimelala mchana kama mbunge.

Alhamisi, 6 Machi

Luhaga kaja. Sijui nani kamwambia. (Mimi. Nilijisifu kinyozini.)

Akabonyeza, akaambiwa yeye ni wa sita. Akamuuliza Specioza hao watano ni akina nani. Specioza akasema siri za wasomaji hazitolewi. Ajabu iliyoje! Mashine inajua yote na haisemi. Kijiji kizima hakina kiumbe wa namna hiyo.

Akapita mezani kwangu akaniuliza, shemeji, tangu lini unasoma, wewe si ulitoka darasa la nne kupitia dirishani? Nikamjibu kwamba mimi angalau nilitoka mwenyewe, yeye walimsindikiza hadi getini. Nikatoka, nikaagiza chai kibandani.

Kikombe nikakirudisha mezani. Generoza ni dada yake Luhaga! Si kwamba nilikuwa sijui. Nimekaa naye miaka arobaini. Ila jana nilimhesabu kama ng'ombe mzee, sikumhesabu kama binti wa Mkwe.

Nikakimbilia kwa Specioza. Nikaomba wa kwanza na wa pili wabadilishane. Akasema haiwezekani, nafasi inafutwa na mwenyewe tu. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Generoza kwa upole aifute ile nafasi. Akaacha kupepeta. Akauliza, Baba Constantine, nafasi gani?

Alikuwa hajui lolote. Sasa anajua. Nimemweleza mwenyewe, kuanzia ngoma hadi dumu la sita.

Kuhusu ng'ombe mzee sikumweleza.

Ijumaa, 7 Machi

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Generoza saa nne. Kitabu chako kimefika. Akavaa kitenge cha arusi ya Constantine. Tulitembea hadi maktaba yeye mbele, mimi nyuma. Njiani nikampa hoja tatu na ahadi ya gauni. Hakugeuka.

Luhaga alikuwa ameshafika, amekaa, amepaka mafuta kichwani.

Generoza akafungua taratibu. Wazee wenye mikuki. Kina mama wanapalilia pamba. Ukurasa wa arobaini na moja ukanasa, akalowesha kidole.

Ngoma ya nyoka. Katikati amesimama Mkwe, kifua mbele, chatu shingoni, jina lake limeandikwa chini. Kiongozi na mwanzilishi. Kushoto kwake kijana mmoja ameinama kidogo, kikapu kikubwa kichwani. Anacheka. Chini yake imeandikwa: Mayige, mbeba kikapu.

Nilikuwa nimejiandaa kusema padri alikosea. Nilikuwa nimejiandaa kusema picha imegeuzwa. Nilikuwa na mpango hata wa kukichukua kile kitabu nikichomeke kwenye rafu ya ufugaji wa kuku, kisionekane mpaka kiama.

Badala yake nikainamia picha. Ana pengo, mbele, juu. Kama langu. Masikio ni ya Constantine. Kumbe alikuwa na uso. Kumbe alikuwa kijana! Mimi huyu nina miaka sitini na tano, ningeweza kumtuma maji.

Luhaga akafumbua mdomo. Nikangoja. Generoza akamwambia, Luhaga, nyamaza, mtu anasalimiana na baba yake.

Luhaga akavuta kiti karibu yangu, akaitazama picha. Mwishoni akasema, shemeji, hicho kikapu kinaonekana kizito.

Jumamosi, 8 Machi

Ngoma imepakwa rangi. Jina la Mkwe, jekundu, herufi kubwa. Nilisimama mbele ya watu nikasema mwenyewe kwamba baba yangu alikuwa mbeba kikapu. Walidhani natania. Nikarudia. Yule aliyekohoa Jumanne akanipigia makofi. Nimemtoa moyoni.

Mzee mmoja wa Kalemela akasema chatu mwenye njaa hawezi kubebwa kichwani na mwoga. Nimekula nyama mara mbili.

Nimeapa. Hila basi. Jumatatu narudisha kadi za watu na kumuomba Specioza radhi. Mtu mzima hushindwa akajifunza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kurudisha kadi. Zangu nne, maana ya kwake Generoza ameificha kwenye upindo wa kitenge.

Specioza hakuwepo, alikuwa nyuma anafungua maboksi. Nikasema ngoja nimtazame tena mtoto wa watu, yule wa kikapu. Nikafungua kile kitabu kwenye katalogi. Nikashuka chini, chini kabisa, ambako sikuwahi kufika.

Maoni ya wasomaji. Toa nyota. Andika maoni yako hapa.

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia.

Salu: Mbeba kikapu ndiye mwenye nyoka. Mayige asipofika, hakuna ngoma. Nyota tano.

Constantine: Baba amesema kweli. Nyota tano.

Felisita: Mimi ni mkamwana tu, lakini Mayige anaonekana mtu wa maana. Nyota tano.

Goodness, darasa la pili: Utafiti wangu unathibitisha. Nyota tano.

Kisha nikarudi juu. Bila salamu. Neno moja. Mayige.

Matokeo: moja.

Nilivua kofia. Nikaandika tena, nione kama itachoka. Moja. Dar es Salaam wakiandika, moja. Mwanza, moja. Mgongo ule ninaoujua mimi peke yangu sasa unajulikana mpaka ulipo, rafu gani na ukurasa upi. Nikaishukuru: wabeja, mashine. Wabeja sana.

Saa tisa nimerudia kuangalia. Kuna maoni ya tano! Generoza: Mayige alibeba chatu, mwanawe anabeba maneno. Chatu alikuwa mwepesi. Nyota moja.

Nyota moja! Wastani umeshuka! Na nyuma yake lazima yuko Luhaga, na Luhaga ana watoto tisa, na wote wanaweza kuandikishwa.

Nimechukua fomu sita za kadi. Nimezisoma kwa makini, mbele na nyuma. Zinauliza jina, kijiji na umri. Ng'ombe wangu wote wana majina, na hakuna mahali fomu inapouliza miguu mingapi.